Bonde la Viwanda

Jumatatu, 4 Agosti
Kinyozi kaninong'oneza: serikali inatafuta ardhi ya kujenga viwanda hapa kwetu. Viwanda vinataka maji, nani asiyejua? Mimi nina kilima kikavu tu, cha mawe matupu, ambacho mke wangu anataka kujenga nyumba juu yake. Kaka yake ana bonde la mtoni. Nikamwomba shemeji tubadilishane. Kakubali hata chai hajamaliza. Maskini, mzito wa kufikiri.

Jumanne, 5 Agosti
Mke wangu kagundua. Kasema heri angeolewa na kilima, angalau hakihamihami. Atanishukuru akiwa ghorofani.

Alhamisi, 7 Agosti
Wataalamu wanakuja kesho. Bonde lina kasoro moja: vyura. Wanaimba mchana kutwa, na penye vyura pana tope. Nimemwaga kokoto juu. Limependeza! Nimeazima na jenereta ya jirani, ingurume iwazibe midomo.

Ijumaa, 8 Agosti
Wamekuja wawili, mhandisi na mama mpimaji. Jenereta ikanguruma, nami nikawa napayuka: maji tele, upepo mwanana! Mafuta yakaisha. Vyura wakapokea. Mama mpimaji akauliza kama hao ndio wafanyakazi. Mhandisi akapiga hatua moja kwenye kokoto, akazama hadi magotini. Tulimvuta, kiatu kikabaki. Akasema maji huletwa kwa bomba, lakini ardhi ya kubeba mitambo hailetwi. Kisha akauliza kile kilima kilicho kando ya barabara ni cha nani. Nikainama kutafuta kiatu chake.

Jumatano, 13 Agosti
Tangazo limebandikwa. Kilima. Fidia yote ya shemeji.

Kaja jioni. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kasema pembe moja imebaki nje ya ramani, anaturudishia, dada yake ajenge. Mke wangu kalia kwa furaha. Nami nikalia. Nimeapa mbele yao: mimi na mipango basi. Majuto ni mjukuu.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimekwenda kunyoa. Kinyozi ana siri nyingine: uwanja wa ndege! Utajengwa karibu kabisa na shamba lake, na kwa vile mimi ni mtu wake, yuko radhi tubadilishane na ile pembe. Nimeliona. Tambarare, kijani kibichi, vyura wachache tu. Ndege na vyura wapi na wapi?

Mke wangu kaamkia kule kilimani na jembe, anachimba msingi huku anaimba. Sitaki kumkatiza. Nitamwambia kesho, tukishaandikiana.