Mbunifu wa Vazi la Ukungu

Jumatatu, 9 Juni

Manyunyu tangu asubuhi. Lakini siku njema! Kapita dukani Doreen, yule binti aliyesomea dansi Dar akarudi kwao Masukulu na mambo ya baleti ya kisasa. Ana wachezaji sita, ukumbi hapa Tukuyu, na onyesho Jumamosi. Ngoma yao inahusu ukungu unavyoshuka mlima Rungwe. Anataka vazi la ukungu. Alhamisi mimi na Hafidhi, fundi jirani yangu, kila mmoja apeleke sampuli moja. Atakayeshinda atashona mavazi yote, na jina lake litaandikwa kwenye bango.

Bango! Miaka kumi na tisa nashona suti za harusi na sare za misiba, jina langu halijabandikwa popote. Nimefuta "Fundi Asajile" kwenye kibao, nikaandika "Mbunifu Asajile". Mke wangu Ikupa kauliza baleti ndiyo nini. Nikamwambia asinisumbue, nabuni.

Jumanne, 10 Juni

Baleti ndiyo nini?

Nimechora suti. Nimechora suti nyingine, haina kola. Ukungu una mifuko? Nimeweka miwili, potelea mbali. Hafidhi anashona tangu alfajiri, tena anapiga mluzi. Babu yake alitoka Tanga na cherehani, basi anaona ufundi ni wa ukoo wao. Kesho nachungulia. Huo si wizi, unaitwa utafiti.

Jumatano, 11 Juni

Nimesimama kwenye migomba nyuma ya dirisha lake, maji yananidondokea shingoni. Nimeona yote! Vitambaa vyeupe, lesi pembeni, vikubwa viwili, vidogo vinne. Bimdogo, mama anayewapikia wachezaji chai pale ukumbini, alikuwa akimsisitiza kwamba visiteleze mtu akikaa. Nikaelewa papo hapo. Vikubwa mbele na nyuma, vidogo mikononi na mapajani. Na wachezaji wa baleti si ndio wanaokaa chini miguu imetanuka? Doreen alinionyesha kwenye simu. Hiyo ndiyo akili ya Asajile!

Nimechukua lesi yote ambayo Ikupa aliitunza kwa ajili ya mapazia. Nimetia mpira kila kona. Ikupa kanuna. Wabunifu hatueleweki majumbani.

Alhamisi, 12 Juni

Aibu. Aibu, aibu!

Sampuli yangu aliivaa Tulia, mchezaji mrefu kuliko wote. Kunyanyua mguu tu, marinda yote yakamwangukia usoni, akazunguka haoni mpaka akagonga ukuta. Ndipo akaingia Bimdogo na birika, akapiga yowe kwamba nimemvisha mtoto wa watu vitambaa vya makochi yake! Kumbe Hafidhi alikuwa akimshonea vya sebuleni. Watu walicheka, Doreen akakaa chini kabisa. Kisha Hafidhi akatoa vazi lake: kijivu, jepesi, linavutika mguu unakoelekea. Tulia akacheza nalo, na kusema kweli niliuona ukungu. Niliumia. Nilitaka kulia.

Ikupa alipopata habari alicheka hadi akasahau mapazia.

Ijumaa, 13 Juni

Hafidhi kaja mwenyewe. Kazi ya Doreen imemzidi, kaomba nimmalizie vitambaa vya Bimdogo. Kasema lesi yangu imekaa vizuri kuliko yake. Nikamjibu kwamba nitafikiria. Mkasi ulikuwa tayari mkononi.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi umefurika! Makochi ya Bimdogo yamebebwa hadi mbele, wakae wageni rasmi, yakiwa na vitambaa vyangu. Na bango? "Mavazi: Hafidhi." Chini kabisa, kwa kalamu: "Vitambaa vya makochi: Asajile." Nimelipiga picha mara kumi na moja. Mgeni rasmi alisimama kushangilia ukungu, akakaa, akasimama tena. Hakuna kilichoteleza! Kina mama watatu wameniagiza vya kwao. Ikupa alinishika mkono mbele za watu. Ndaga, yaani asante, mke wangu.

Jumapili, 15 Juni

Nimetulia. Nimejifunza. Kila mtu na kazi yake, kuchungulia basi.

Baada ya ibada nikapita kwenye migomba ya Hafidhi, kwa bahati tu. Anashona kitu cheusi, kinang'aa, kina zipu. Erasto wa bodaboda kasimama pembeni, kiti cha pikipiki yake kiko uchi, anasisitiza kisipitishe maji hata tone. Na Doreen si alisema onyesho lijalo linahusu maporomoko ya maji?

Nimeelewa papo hapo. Nimeshakata mita nane.