Jinsi Ngumbao wa Tezo Alivyoosha Miguu Yake Yote Miwili

Sogeeni, enyi watu wa Tezo na Kilifi nzima, nanyi wa Malindi mliokaa vibarazani na vikombe vya kahawa mikononi! Mwenye jembe alilaze chini, mwenye kukimbiza kuku amwache aende zake, maana kuku atarudi jioni, lakini habari hii hairudi. Wamesifiwa waliovunja ngome, wamesifiwa waliovuka bahari kwa mashua mbovu, na wengine wamesifiwa kwa kuwa tu walikufa mapema kabla hatujawajua vizuri. Leo nawaletea aliyewapita wote hao. Ni Ngumbao wa Thoya, simba wa Tezo, bwana wa mbuzi kumi na mmoja, mwenye tumbo lililomtangulia kila aendako kama mpiga mbiu wa sultani, ambaye siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, katika mwaka wa hamsini na tisa wa umri wake, aliosha miguu kwa mkono wake mwenyewe. Yote miwili, nasema.

Mnacheka. Chekeni, lakini kwanza mjitazame nyayo.

Shujaa huyu, mjue, hakuwa mvivu. Mbuzi wake aliwajua kwato kwa kwato. Kila Jumamosi aliwalaza chini mmoja mmoja, akawabana mguu kwapani, akawakwangua matope, akazichonga kwato kwa kisu kikali, na jirani aliyeona mbuzi wake anachechemea alimwita Ngumbao kabla ya kumwita daktari wa mifugo. Ila nyayo zake mwenyewe hakuwa amezitazama tangu alipokuwa shule ya msingi. Mwili wake aliugawa kama mirathi, naye angali hai: njaa yake aishughulikie mkewe Damaris, vidonge vyake Damaris avikumbuke, tarehe za kliniki Damaris azihesabu, na maumivu aliyaacha kwa Mungu, ambaye naye ana kazi nyingine.

Hata ikawa, miaka miwili iliyopita, kisukari kikamvamia. Akapelekwa zahanati, na muuguzi mmoja kijana, jina lake Purity, akasimama mbele yake na kumpa amri za vita.

"Mzee wangu, nisikilize vizuri," akasema Purity. "Ugonjwa huu huua hisia za nyayo. Utakanyaga kaa la moto usijue. Basi kila jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, kisha utazame unyayo wote. Usipouona, tumia kioo. Na kiatu ukikung'ute kabla hujakivaa. Kidonda kikichelewa kuonekana, mguu hukatwa."

Ngumbao aliijua vizuri sana habari hiyo ya kukatwa. Kakake, Joram, aliingia hospitali na miguu miwili akatoka na mmoja, kwa kidonda kilichoanza kikiwa kidogo kuliko punje ya kunde. Kwa hiyo alisikiliza kwa uzito wote, akatikisa kichwa mara tatu kama mzee wa baraza, kisha akamgeukia mkewe.

"Damaris," akasema, "umeyasikia mambo yako?"

Ndivyo wanaume wetu wanavyojitunza, enyi wasikilizaji. Wakiambiwa wanywe maji, huuliza nani atayachota.

Sasa ingieni nami vitani. Soda alikatazwa, na kwa sababu alikatazwa, aliitamani kuliko alivyopata kumtamani Damaris. Jumatatu moja ya masika alishuka hadi duka la Fazal pale njia panda, akanunua soda ya chungwa, baridi, ya chupa, akaipandisha nyumbani ndani ya shati kama mwizi wa embe. Akajificha stoo, penye majembe na lundo la makumbi ya nazi, akaifungua kwa meno, akaimaliza kwa pumzi mbili. Alikuwa bado anafurahi kwa ulimi wake pale aliposikia hatua za mkewe. Chupa akaitumbukiza ndani ya makumbi. Kizibo kilibaki mkononi, na mkono ukatafuta pa kukitupa, ukaona buti lake la mpira la kushoto limesimama kando ya mlango, ukakitupa humo.

"Baba Whitney, wafanya nini huku gizani?" akauliza Damaris.

"Naitazama mvua," akajibu shujaa, akijipangusa mdomo. "Mwanamume hana budi kuijua mvua ya kwake."

"Mvua yanyesha nje, baba Whitney."

Kesho yake, Jumanne, matope yalikuwa yamejaa shamba. Ngumbao akachukua mabuti. Je, aliyakung'uta? Ayakung'ute kwani yeye ni Damaris? Akatumbukiza mguu ndani, soksi na yote, na kizibo kikampokea kimeelekeza meno juu. Akatembea. Alipalilia Jumanne, akapalilia Jumatano, Alhamisi akazungukia mpaka wote akitengeneza ua, na kila hatua ya mguu wa kushoto kizibo kilimng'ata, naye akiimba. Jioni alivua buti na soksi kwa pamoja, akaoga kama aogavyo siku zote: maji kichwani, yakishuka miguu nayo ijipatie fungu lake.

Alhamisi hiyo alirudi baada ya alasiri, akavua mabuti mlangoni, akaingia ndani kwa maringo ya mwenye kazi. Damaris alikuwa anachagua mchele. Akainua macho, akaona alama kwenye sakafu ya saruji, nyekundu, moja kwa kila hatua ya kushoto.

"Baba Whitney," akasema polepole, "unavuja."

Shujaa akaitazama sakafu. Akautazama mlango. Akaitazama dari. Mahali pekee ambapo hakutazama ni chini ya mguu wake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mji wa pili, boma la jirani, anakoishi ajuza mmoja mjane aitwaye Hawe Kadii, yaani bibi Kadii, ambaye wiki iliyopita mbuzi wa Ngumbao walimlia mihogo, naye akasema tu, "Haya."

"Nimetegwa!" akanguruma. "Huu ni mkono wa mtu! Mliisikia ile 'haya' yake? Haya ya nani, haya ya nini? Kanitegea njiani, nimelivuka tego lake, na sasa damu yanitoka pasipo jeraha! Wallahi Jumapili naita wazee wa ukoo wote, kutoka hapa mpaka Sabaki, na ajuza yule atakula kiapo mbele ya watu!"

Mtu asiyejua hata kusali vizuri kanisani kwake, leo anaapa kwa wallahi. Hofu humpa mtu dini zote.

Damaris aliweka ungo chini. "Punguza sauti," akasema. "Hawe Kadii ana miaka themanini. Wajua neno la uchawi humfanya nini mtu wa umri wake hapa kwetu. Likitoka mlangoni halirudi."

"Basi njoo unitazamie mguu."

"Sitazami."

"Nini?"

"Nimesema sitazami. Tangu tuoane nimekutazamia chakula, nimekutazamia vidonge, nimekutazamia mpaka kucha, kwa kukuonea haya mbele ya wageni. Kakako Joram naye alikuwa na wa kumtazamia. Siku kidonda kilipoanza, mkewe alikuwa kazini Kikambala wiki tatu, nacho hakikumngoja. Mguu ni wako. Beseni lile pale, sabuni ile pale, kioo cha Whitney kile ukutani. Ukishautazama ukaona mkono wa Hawe Kadii humo, mimi mwenyewe nitakwenda kumwita."

Akarudia mchele wake.

Imba, ewe ulimi wangu, imba vita vya beseni! Jemadari alishuka juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kikalia. Akakunja mguu wa kushoto kuuleta juu, tumbo likamrudisha. Akajaribu kwa ubavu, akaanguka upande wa mlango na kumtisha kuku. Akainuka. Mara ya tatu akakumbuka anavyowashika wale kumi na mmoja wa zizini, akaushika mguu wake kama mguu wa beberu mkaidi, akaukokota, akaubana kwenye goti la pili huku akihema, kisha kwa mkono uliobaki akakishusha kioo mpaka kikaona kile ambacho jicho la Ngumbao lilikuwa halijakiona kwa karibu nusu karne.

Palikuwa na duara. Duara la meno, jekundu, na katikati nyama imekuwa nyeupe, imelainika, na upande mmoja umeanza kuwa mweusi.

Tuseme kweli, maana hata anayemcheka mtu hana budi kusema kweli: aliogopa. Hakuwaza wazee wa ukoo. Alimwaza Joram, na kiatu kimoja cha Joram kilichobaki chini ya kitanda, kipya kabisa, kwa kuwa hakikuwa na wa kukivaa. Akaubonyeza unyayo kwa kidole. Hakusikia kitu. Akabonyeza zaidi, hakusikia kitu. Hapo ndipo alipofahamu kwamba mguu huu hautamwita kamwe, hata ukifa.

"Damaris," akasema, na sauti ya simba haikuwamo tena. "Mguu una alama za meno. Nimeumwa na mdudu wa kutumwa."

Damaris akaenda mlangoni, akachukua buti la kushoto, akalipindua. Kizibo kilianguka kwenye saruji, kikalia, kikabiringika taratibu na kulala kando ya beseni, rangi yake ya chungwa juu na damu ndani ya meno. Wote wawili wakakitazama.

Damaris akaokota ungo wake, akaendelea kuchagua mchele, punje moja moja, na kila jiwe alilolitoa alilitupa nje kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Basi Ngumbao wa Thoya, peke yake, asishikwe mkono na mtu, akamimina maji ya vuguvugu. Akatia sabuni. Akaosha mguu wa kushoto, kisigino na unyayo, akapita katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, na humo akatoa udongo wa misimu kadhaa. Akauosha na wa kulia, ambao haukuwa na kosa. Akakausha kwa kitambaa safi. Kazi nzima haikufika robo saa, na miaka miwili yote alisema hana nafasi.

Asubuhi ya Ijumaa walikuwa zahanati. Purity akasafisha kidonda, akatoa dawa, akasikiliza hadithi yote kutoka kwa Damaris huku akiuma mdomo.

"Mzee," akasema mwishowe, "ungeingoja hiyo Jumapili ya wazee wako, mimi ningekuandikia barua ya hospitali kubwa. Na huko wangeuliza tu wakate wapi."

Ngumbao alipotoka nje akakuta benchi la wagonjwa wa kisukari limejaa, na kwenye ncha ya benchi amekaa Hawe Kadii, leso mbili, mkongojo magotini. Ngumbao akatamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Tezo haikumsaidia.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia nimekutega."

"Hawe..."

"Ulipiga kelele, na nyumba yangu ni ya udongo, haizuii maneno." Hakuinua sauti. "Jana nimekesha nimekaa, nguo zangu nimezifunga bunda moja. Kila hatua iliyopita njiani nilisema ndio hao. Mwenzangu wa kule bondeni walimjia na mapanga kwa neno dogo kuliko hilo."

Enyi wasikilizaji, hapa sina mzaha. Mtu mzima alisimama mbele ya benchi la wagonjwa akiwa amefungwa bandeji, na aibu ikampanda kutoka huko huko chini alikokuwa hataki kutazama.

"Nisamehe, Hawe," akasema. "Nilikosa."

"Ulikosa kuinama," akajibu bibi kizee. "Kumshika mwenzio ni rahisi. Yu mbele yako, wamwona bila kukunja mgongo."

Na tangu siku hiyo, kila jioni, Ngumbao alishuka juu ya kibao. Hakupenda. Alilalamika kuhusu maji, kuhusu sabuni, kuhusu kioo ambacho, alisema, kinamwonyesha mzee kuliko alivyo. Lakini alishuka. Ijumaa ya tano Purity akafungua bandeji, akabonyeza huku na huku, akaandika kwenye kadi: kidonda kimefunga.

Basi pigeni ngoma, vumisheni pembe! Ngumbao akatoka nje ameinua kadi juu kama aliyeteka mji, akasimama mbele ya benchi, akahutubia. Akawaeleza walivyopigana, yeye na kidonda, mchana na jioni. Akawaeleza siri ya kukausha katikati ya vidole, kana kwamba ameivumbua yeye. Kizibo hakukitaja. Wagonjwa wakapiga makofi, mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na hata mlinzi wa lango akaja kumshika mkono. Iandikwe hivyo katika historia ya pwani: palikuwa na mwanamume wa Tezo aliyeosha miguu yake.

Hawe Kadii peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amevua kandambili zake, akiangalia nyayo zake kwa zamu, moja halafu nyingine, nyayo za miaka themanini, laini, zimepakwa mafuta, hazina hata mchubuko.

"Hongera, mwanangu," akasema pasipo kuinua kichwa. "Mimi zangu huu ni mwaka wa kumi na tisa, na sijawahi kuona ngoma. Haya, jana uliosha. Na leo?"

Shujaa akaishusha kadi.

"Leo sijaosha bado, Hawe."

"Basi wafanya nini hapa?"

Akaenda nyumbani.