Penalti ya Fadhul na Maneno ya Mkekani

Fadhul wangu amechezea Uganda! Amepiga penalti ya mataifa mbele ya bendera mbili, na mtoto huyo nilimzaa mimi mwenyewe hapa Koboko, kwenye nyumba ya mabati nyuma ya msikiti, kama kuna mtu anataka kuja kuona mahali.

Sasa ndiyo nasalimu. Ndugu Katibu wa Kamati ya Mpira wa Mpakani, Arua, salaam aleikum, na Tumsifu pia, maana najua unasali kanisani Ediofe. Hujambo? Mama watoto hajambo? Sisi hapa ni wazima, ila tuna hasira.

Mimi ni Sadiya binti Sulemani, mama yake Fadhul. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu alilia nilipoacha, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nikikosea mahali, usome kwa moyo.

Nimepata habari kwamba kwenye ubao wa ofisi yako umeandika: Sudani moja, Uganda bila. Jirani yangu Ayikoru alikuja Arua na mihogo yake, akausoma huo ubao, akarudi nao kichwani, akausoma tena kisimani mbele ya wanawake wote. Wako watu wanaosema ile ilikuwa Koboko na Yei tu, si mataifa. Hao wasikutie wasiwasi. Toka vita vya wenzetu vimeisha na njia ikafunguka, hiyo ndiyo mechi ya kwanza. Watu walivuka mpaka kwa lori, wakapandisha bendera yao, sisi tukapandisha yetu, mbuzi akala kamba ya moja. Kama hayo si mataifa, mataifa ni nini?

Shida yangu ni Fadhul. Toka siku ile hatoki nje mchana. Viatu vyake vya mpira amevifunga kwa kamba juu ya boriti, anasema vikae huko mpaka panya wavivae. Akienda dukani anapita nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku, kwa sababu watoto wa sokoni wakimwona tu wanajirusha chini upande wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, na mavumbi yanapanda. Amesema hatagusa mpira tena maisha yake. Bwana Katibu, wewe pia ulizaliwa na mtu. Nataka ubao ufutwe na penalti irudiwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Kamati yako ilipanga wageni walale shuleni, juu ya mabenchi. Sisi wa Koboko tulikataa. Mtu avuke mpaka kuja kwako halafu umlaze kwenye benchi la darasa kama mtoto aliyechelewa? Tukasema kila nyumba ichukue mmoja. Hapo ndipo nilipopata Tahiru, kipa wao. Ni kijana mrefu, mpole, anainama akisalimu wakubwa, na viganja vyake ni kama nyungo mbili. Sikumchagua mimi. Mlipokuwa mnagawa wageni binti yangu Hawah alikuwa amesimama mlangoni, akasema huyu ni wetu, na mimi nilidhani ni kwa sababu alikuwa na mzigo mdogo.

2. Tulimlisha toka Alhamisi mpaka siku ya mechi. Sisi si watu wa kumpa mgeni chai kavu. Nilipika kisra, ule mkate wetu mwembamba wa mtama, laini mpaka ukiiinua unaona jua upande wa pili, nikachinja jogoo, na firigisi nikampa mgeni. Firigisi, Bwana Katibu! Katika nyumba hii firigisi ni ya baba yake Fadhul, na akisafiri ni ya Fadhul, na hata mimi niliyempika huyo jogoo sijawahi kuionja. Lakini desturi ni desturi. Fadhul akala shingo. Kwa hiyo siku ya mechi mtu aliyekula shingo alimpigia mpira mtu aliyekula firigisi. Refa wako aliuliza jambo hilo kabla ya kupuliza firimbi? Hakuuliza.

3. Hii ndiyo hoja kubwa, uisome ukiwa umekaa.

Jioni ya kuamkia mechi tulikuwa mkekani tunakula. Tahiru aliuliza kwa adabu, kama vile mgeni anavyouliza habari za mvua na mbuzi, kama ni kweli Fadhul ndiye mpiga penalti wetu. Fadhul alinyamaza kwa haya. Na mtoto akinyamaza, mama ndiye mdomo wake. Nikamjibu mgeni. Nikamweleza kwamba Fadhul hakosi. Nikamweleza kwamba toka akiwa mdogo anapiga upande mmoja tu, mkono wa kushoto wa kipa, chini kabisa, karibu na mti wa goli, na kwamba kabla ya kupiga anaangalia kulia kwa kipa ili adanganye watu. Nikamwonyesha na mtungi wangu uliovunjwa na mpira wake, ubavu huo huo wa kushoto. Fadhul akaanza kukohoa. Nikampa maji, nikaendelea.

Sasa sheria ni hii. Maneno ya mkekani ni kama chakula cha mkekani. Mgeni anakula, anashiba, anamshukuru Mungu, ananawa, basi. Hafungi nyama kwenye shuka akaondoka nayo. Mwana wa nyumba ndiye anaweza kuchukua kitu cha nyumba akatoka nacho bila kuuliza. Mgeni hapana. Waulize Wanubi, waulize Wakakwa, waulize hata watu wa Dranya ambao hawapendi kukubaliana na mtu. Tahiru alichukua maneno yangu mkekani akaenda nayo mpaka golini. Huo si mpira.

4. Penalti yenyewe ulikuwepo, lakini ulikuwa umekaa kwenye kiti chini ya mwavuli, mimi nilikuwa nyuma ya goli, kwa hiyo nitakueleza vizuri. Sudani walikuwa na moja yao, ambayo ilimgonga ng'ombe kwanza ndipo ikaingia, sisemi. Dakika za mwisho beki wao akaushika mpira kwa mikono kama anabeba mtoto, na refa, Mwalimu Ocama wa Aroi, akapuliza firimbi. Uwanja mzima ukataja jina la mwanangu. Niliinuka ili watu waone limetoka wapi. Ayikoru akapiga kelele kwamba mutoto ya Sadiya akipiga mupira iko kama anafukuza kuku, na mimi nikamwambia asubiri. Fadhul akaweka mpira. Akaangalia kulia. Na kabla mguu haujafika kwenye mpira, kabla, Bwana Katibu, yule kijana wangu wa firigisi alikuwa ameshalala kushoto, chini, karibu na mti, anausubiri mpira kama mtu anayemsubiri shemeji kituoni.

Sauti moja tu ilisikika, vigelegele, na ilikuwa ya Hawah. Watu walimgeukia. Niliwaeleza kwamba msichana haelewi mpira, amechanganyikiwa kwa uchungu wa kaka yake.

5. Jezi ya Tahiru ilikuwa safi kuliko jezi zote za mataifa yote mawili. Ilifuliwa hapa kwangu na Hawah, kwa sabuni yangu, mara mbili, na mara ya pili haikuwa na uchafu.

6. Nimefikiri sana juu ya jambo hili nikisonga ugali, na nimeona kitu ambacho kamati yako haikukiona. Damu inatoka wapi? Kwenye chakula. Tahiru alikula wapi? Kwangu. Chakula kilitoka wapi? Shamba langu, udongo wa Uganda, mvua ya Uganda, na jogoo alikuwa raia. Basi mikono ile iliyodaka mpira ilikuwa imejaa Uganda mpaka kwenye vidole. Aliyepiga ni Uganda, aliyedaka ni Uganda. Sasa niambie, Sudani walifanya nini pale? Walitazama, kama mimi na Ayikoru. Na mtu aliyetazama anaandikwaje kwenye ubao kwamba ameshinda?

Kwa hiyo naomba kwa heshima mambo haya. Ubao ufutwe leo. Penalti irudiwe uwanja ule ule, Fadhul ale firigisi asubuhi, Tahiru ale shingo. Tahiru azibe masikio toka mpakani mpaka golini asije akasikia kitu kingine, au kama hataki, akae golini akitazama nyuma. Ng'ombe wafungwe. Mwalimu Ocama apulize firimbi akiwa karibu na mimi ili nimsaidie. Na kama Sudani watakataa, basi serikali zote mbili ziandikiwe kwamba kipa huyo asivuke mpaka tena mpaka azeeke, asije Koboko, asionekane sokoni, asisimame mlangoni kwangu kuomba maji, maana nimesikia alikuja tena juzi na kusema ana kiu, kutoka Yei.

Hawah ananiomba nisiipeleke barua hii kwa dereva wa gari la Arua mpaka Ijumaa ipite. Anasema tusiharakishe. Sijui ana huruma na nani, lakini nimekubali, maana amefua na kupika wiki nzima bila kuambiwa na nafikiri anaumwa.

Nisalimie mama watoto wako, watoto wote, na yule mzee wa ofisini kwako anayefagia huku anaimba. Nisalimie wachezaji wenzake Fadhul walioko Arua, uwaambie hajafa. Msalimie na Mwalimu Ocama ukimwona, lakini kidogo tu.

Ni mimi, mwenye haki na uchungu,

Sadiya binti Sulemani,
mama wa mpiga penalti wa Uganda.

Nimesahau kitu: Bwana Katibu, usifute ubao! Nimefungua bahasha tena kwa kisu, na gundi imeharibika, utanisamehe.

Leo ni Ijumaa. Baada ya sala wamekuja wajomba wa Tahiru kutoka Yei, wazee watatu wamevaa kanzu, na kondoo, na maneno mazuri. Wamemtaka Hawah. Baba yake Fadhul amemwuliza mtoto, na mtoto ambaye nilidhani anaumwa amepona hapo hapo. Nami nilipokumbuka ile jezi nilikaa chini.

Sasa nirudi kwenye hoja ya tatu, maana mimi sipendi kuandika uongo kwa kamati. Nilisema mwana wa nyumba anaweza kuchukua kitu cha nyumba akatoka nacho bila kuuliza. Tahiru ni mwana wa nyumba hii. Kwa hiyo maneno yale yalikuwa yake, na angeyaacha mkekani ningemwona mvivu. Firigisi nayo ilikuwa yake. Hoja ya sita inabaki vile vile, tena imenenepa: aliyepiga ni wangu, na aliyedaka ni wangu. Uandike hivyo kwenye ubao kama kuna nafasi. Habari ya kuziandikia serikali uifute. Badala yake, ukiwa na mtu unayemjua pale mpakani, mwambie kijana mrefu mwenye viganja kama nyungo apite haraka, asicheleweshwe, ana kiu.

Utataka kujua habari za Fadhul. Nilikuwa na hofu, nakwambia kweli. Wajomba walipoingia uani yeye alikuwa chumbani, na Tahiru alisimama katikati ya kuku hajui aweke wapi ile mikono yake. Fadhul akatoka. Mchana, mbele ya watu, bila kupita nyuma. Akamkaribia, wakatazamana, nami nikaweka sufuria chini. Kisha Fadhul akamwuliza kama ile firigisi ilikuwa tamu. Walicheka mpaka mzee mmoja akasahau alikuwa amefika wapi kwenye maneno yake, ikabidi aanze tena kwenye bismillahi. Baadaye nilisikia kishindo ndani, nikadhani ni paka. Kumbe Fadhul alikuwa anafungua kamba kwenye boriti. Viatu vina utando wa buibui lakini panya hawakuvigusa. Wamepiga mpira uani mpaka maghrib na mtungi wangu wa pili umevunjika, ubavu wa kushoto, na vigae nimeviokota mwenyewe.

Na unajua desturi yetu. Siku ya kumchukua bibi harusi kaka yake anasimama mlangoni, na bwana harusi hapiti mpaka amshinde. Kaka huyo ni Fadhul. Ameanza mazoezi. Tahiru amemwambia kwa kujivuna kwamba atapitia kulia, na Fadhul amekuja kuniuliza mimi, kama mama ninayejua mpira, kama amwamini. Nimemwambia aangalie miguu, asiangalie macho. Hilo nimelisema jikoni, si mkekani.

Kwa hiyo njoo, Bwana Katibu, na kamati yote, na mwavuli wako. Mwalimu Ocama aje na firimbi, tutahitaji refa pale mlangoni. Ayikoru ameshasema yeye ndiye atapika mihogo, na tumesameheana nusu. Tumeweka Jumapili, ili watu wa Ediofe watoke misa kwanza, na lori la Yei lipate muda wa kuharibika na kutengenezwa. Watu wa nchi zote mbili wanakuja, na firigisi zitatosha. Ni Jumapili, tarehe ishirini na tatu Desemba.