Nauli ya Lakica

Jumatatu, 7 Julai

Nimepata laini ya simu! Haina jina langu, lakini hilo ni jambo dogo.

Kampala hii noti zimekuwa kama aibu. Mama Hajara, mwenye nyumba wetu hapa Nsambya, aliwahi kupewa noti bandia na mpangaji. Tangu hapo anapokea kodi kwa simu tu. Na laini haisajiliwi bila kitambulisho. Changu cha mkimbizi kinachapwa tangu Pasaka! Pitshou wa chumba cha pili, Mkongomani mwenzangu, ana laini kwa jina lake mwenyewe na yuko tayari kunilipia. Kwa kamisheni. Kamisheni, mtu niliyekula naye sombe sahani moja! Heri nilale nje.

Basi nikaenda Nakivubo. Muuzaji amenipa laini iliyokwisha kusajiliwa, pamoja na namba yake ya siri. Jina: Lakica Adyero. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Akasema ni msichana wa Gulu, alikwenda Arabuni kufanya kazi za ndani, akaiuza siku ya kuondoka. Nikauliza, je, akirudi? Akapangusa kioo cha simu yake pole pole, akasema huyo harudi. Safi kabisa.

Jumanne, 8 Julai

Nimelipia maharage. Mwenye maharage akaitazama simu yake, akanitazama mimi na ndevu zangu, akasema asante nyabo, kama anavyoitwa bibi. Genge zima likacheka. Wacheke.

Nimelipa na nusu ya kodi. Mama Hajara akaniuliza huyu Lakica ni nani. Kiswahili chake kimepigwa pasi, mtu hujikuta anadanganya kwa adabu. Nikasema ni mke wangu. Mke wangu ni Kahambu! Anafika Jumapili kutoka Butembo na vyote tulivyobakiza duniani. Nusu ya pili isipolipwa Jumamosi, chumba anapewa Anselme, binamu wa Pitshou. Kahambu hajui lolote. Nilimwandikia kwamba chumba ni chetu na dirisha linafunguka.

Jioni pesa zimeingia zenyewe. Pamoja na ujumbe: “Lakica. Hii nauli. Rudi nyumbani. Mama.” Kiswahili cha kambini kabisa, mama huyu lazima alikuwa mke wa askari. Nimemhurumia kwa moyo wangu wote. Kisha nikaenda kwa wakala kuzitoa.

Alhamisi, 10 Julai

Akili yangu mimi Zéphyrin iwekwe makumbusho! Safari haina nauli moja, ina vituo. Nimemwandikia: Mama, nimeshuka Entebbe, pesa haitoshi. Zimeingia. Mchana nikaandika: Mama, basi limekufa Luwero. Zimeingia tena, na maneno: “Vaa sweta. Huko baridi.” Nikavaa sweta. Sijui kwa nini, jua lilikuwa kali.

Pitshou akauliza ninachekelea nini na jasho linanitoka. Nikamwambia nimeingia kwenye biashara ya usafirishaji. Akanuna. Siku njema.

Ijumaa, 11 Julai

Leo sijaandika neno. Naapa, sijagusa simu asubuhi yote. Saa ya chakula ujumbe umeingia: “Watu wamekuona Karuma, pale darajani. Wanasema umekonda. Kwa nini unatembea kwa mguu?”

Nimeusoma mpaka ugali umepoa. Karuma ni mbele kabisa ya Luwero, njia ya Gulu. Mimi sijamfikisha Karuma! Nilimwacha kwenye basi bovu!

Baadaye kidogo nikaona ukweli. Watu ni watu. Mwanamke yeyote mwembamba akipita barabarani, watasema ni mtoto wa fulani. Hilo limenituliza. Ila swali la mama limenikaa kichwani, kwa nini anatembea. Halafu nikakumbuka kwamba nauli yake ninayo mimi.

Nimeogopa sana. Nikaandika: Mama, miguu inauma, tuma ya bodaboda. Zimeingia.

Jumamosi, 12 Julai

Kodi imekamilika! Anselme alikuwa ameshaegemeza godoro lake mlangoni kwangu, shetani huyo. Mama Hajara amemwambia aliondoe. Pitshou alilibeba upande mmoja, hakunitazama. Nimewafungulia geti kwa heshima zote.

Nikiwa bado nafurahi, ujumbe: “Umefika. Asante Mungu. Unakaa tu mlangoni. Hauli. Nauliza simu yako iko wapi. Unasema iko na mwanaume Nsambya, kwa Hajara.”

Nimekaa chini, sakafuni, mchana kweupe. Sijamtajia mama yule Nsambya. Sijamtajia Hajara. Muuzaji wa laini hajui hata ninakolala. Nimezima simu, nimeichimbia ndani ya gunia la unga. Nimesali rozari nzima, na mafumbo ya huzuni nimeyarudia. Kesho laini hii naitupa kwenye mfereji wa Nakivubo. Nimeapa mbele ya Bikira Maria. Maskini yule mama. Maskini na mimi.

Jumapili, 13 Julai

Usingizi ni dawa. Nimeamka na akili zangu. Kutupa laini yenye mama mwema kiasi hiki ni kumkufuru Mungu. Na chumba tunacho, ila chungu ni kitupu, na Kahambu anafika leo akiwa na njaa ya safari. Nimepangusa unga kwenye simu, nikaandika: Mama, nataka kurudi Kampala. Tuma nauli.

Zimeingia palepale! Kamili, hata ya soda imo. Na maneno: “Amepanda basi la asubuhi. Anakuja kuchukua vitu vyake.” Sawa, mama. Nimezitoa zote, nimenunua nyama, vitunguu na sabuni ya kunukia.

Sasa hivi, nikipika, Mama Hajara amebisha. Anasema mke wangu Lakica yuko getini. Amekonda mno, miguu vumbi tupu, ameulizia chumba changu, na hana mzigo wala kifurushi. Maskini Mama Hajara, bado ameling’ang’ania jina lile! Kahambu wangu amewahi. Tena hana mzigo, basi hakuna mpagazi wa kulipa.

Nimemwomba amlete moja kwa moja hadi chumbani.