Nauli ya Jina

Wapo watu wakiona wingu wanakumbuka jembe. Gasto akiona wingu alikuwa anakumbuka nani kaanika nguo.

Ijumaa ile alikuwa kibandani anakunywa chai na chapati, Singida Mjini, mtaa ule mpya wa nyuma ya majabali unaojaa watu waliotoka vijijini. Gari la matangazo likapita na spika yake: "Wale mliohama makazi, fikeni kituo cha shuleni mkahamishe taarifa zenu kwenye daftari la wapiga kura! Njooni na kadi zenu! Huduma ni bure! Mwisho ni kesho Jumamosi!"

Benchi la pili walikaa mama wawili.

"Kuhamisha nini tena?" akauliza mmoja. "Mimi si nilishahama na vitanda vyangu?"

"Umehama wewe. Jina limebaki Sepuka."

"Masikini! Sasa linakaa na nani?"

Chapati ya Gasto ikaishia njiani, haikufika mdomoni. Miaka mitatu alikuwa anajiita wakala, ila wakala wa nini, hata yeye angependa kujua. Sasa Stefano, mwenye lori la kuku, alikuwa amemwambia: leta tenga lililojaa kuku wa kienyeji Jumamosi kabla ya saa nne, nikufanye wakala wangu wa kweli. Tenga alikuwa nalo, Stefano kamwazima. Kuku hakuwa nao. Na hapa kuna mtu ana jina lililoachwa ugenini.

Saa saba mchana Gasto akaingia mtaani. Amevaa kizibao cha njano kinachong'aa. Shingoni kaning'iniza kitambulisho cha semina ya ufugaji nyuki, amekigeuza kionyeshe mgongo. Mkononi daftari la mwanafunzi, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

"Shikamoo mama! Shikamoo mzee! Shikamoo na wewe!" Huyo wa mwisho alikuwa binti aliyebeba ndoo, mdogo kwake kwa miaka kumi. Binti akaitikia marahaba kwa aibu, akaenda kuwaita wengine.

Walipojaa, Gasto akashusha sauti kama mtu wa msibani.

"Wazee wangu, jina lako liko kwenye daftari kule ulikotoka. Jina halina miguu, lazima lipande basi. Serikali imesema bure, na mimi hela sishiki. Hela ni rushwa! Lakini basi halipakii jina bila nauli. Nauli ya jina ni kuku mmoja. Kadi yako tunaifunga mguuni mwa kuku, ili jina na nauli visipoteane njiani."

"Kwa hiyo kituoni tusiende?" akauliza mmoja.

"Mkafanye nini, na majina hayajafika? Kaeni nyumbani. Jumapili jina litapiga hodi lenyewe."

Jamani, hapo ndipo penye mwiba. Kuku anazaliwa mwingine. Lakini mwisho wa zoezi ulikuwa Jumamosi, na anayengoja jina lake Jumapili, siku ya kura atakaa kizingitini akiwatazama wenzake wakirudi. Tena kadi unampaje mtu kwa sababu kavaa kizibao? Hata wezi wanavaa.

Wakaleta. Mzee Clement akawasukuma wenzake, akamvuta Gasto pembeni.

"Kijana, mimi naweza kuacha kipande cha jina kule Sepuka? Nina shamba la alizeti, nisije nikasahaulika."

"Jina lako kamili, mzee?"

"Clement Mughwai."

Gasto akafikiri kwa uzito unaostahili. "Clement aje mjini. Mughwai abaki analinda alizeti. Hapo ni kuku wawili."

"Wawili? Na linakuja nusu?"

"Mzee wangu, kukata jina ni kazi kuliko kulibeba."

Clement akaleta wawili, akarudi kusimama anawaangalia majirani kama mtu mwenye nyumba mbili.

Akabaki Mama Winfrida, muuza vitunguu aliyehamia kutoka Kinyangiri. Alikuja na jogoo mwekundu kwapani, mwenye macho ya kudai.

"Shikamoo mama. Shikamoo tena. Huyu naye shikamoo, maana huyu si jogoo, ni mzee."

"Marahaba. Anaitwa Mwenyekiti. Akisimama, wengine wanakaa. Mwanangu, jina langu huwa linatapika kwenye basi. Litapata dirishani?"

"Nitaliombea nafasi mwenyewe."

"Mungu akubariki. Na wewe kwenu wapi?"

"Itigi, mama."

"Na jina lako lilishafika?"

Mtaa mzima ukamgeukia. Gasto ana miaka sita mjini, na jina lake halijatoka Itigi hata kwa kutembea.

"Linakuja... linakuja na awamu hii hii."

"Ndiyo maana nakupenda, hujipendelei. Basi toa na kadi yako, tuone inavyofungwa."

"Tuone!" watu wakaitikia.

Tapeli akisita ameumbuka. Gasto akatoa kadi yake. Mama Winfrida akaifunga kwa mikono yake kwenye mguu wa Mwenyekiti, akakaza mafundo mawili.

"Sasa kwa jua hili, mwanangu, kuku watakufa na majina yetu. Banda langu lina kufuli. Walale kwangu, kesho asubuhi uje na tenga lako."

Gasto nusura acheke. Tangu lini mwizi akapewa na mahali pa kutunzia?

Kesho yake saa tatu alifika na tenga mgongoni, anapiga mluzi. Mtaa kimya, milango imefungwa. Banda la Mama Winfrida liko wazi, ndani manyoya tu. Juu ya banda kasimama Mwenyekiti peke yake, kadi ya Itigi inaning'inia mguuni.

"Njoo, mzee wangu," Gasto akamwambia taratibu. "Shikamoo."

Mwenyekiti akaliangalia tenga. Akaelewa. Akaruka.

Gasto alimkimbiza kuzunguka majabali, akamkimbiza kupita mashine ya kukamua alizeti, wakakanyaga wote wawili vitunguu vilivyoanikwa. Kuku kitu gani sasa? Alikuwa anakimbilia kadi yake. Jogoo akaingia geti la shule, akapita katikati ya mstari mrefu wa watu, akajificha chini ya meza ya karani.

Gasto akasimama anahema. Mstari wote anaujua. Kila mtu ameshika kadi yake, nyingine bado zina kamba.

"Kuku wangu wako wapi?" ikamtoka.

"Wamehama," akajibu Mama Winfrida. "Alfajiri kila mmoja amerudi kwa mwenyewe. Nenda kahamishe taarifa zao."

Karani, dada mmoja aitwaye Eliana, aliinama akamfungua Mwenyekiti ile kadi. Akaisoma, akamtazama Gasto.

"Hii ya Itigi ni ya kwako, kaka? Umehama?"

"Nimehama."

"Basi panga mstari. Jina halisafiri, mwenye jina ndiye anayekuja. Picha, vidole, unapewa kadi mpya. Bure."

"Rudia kwa nguvu, dada," akasema Mama Winfrida. "Kuna mzee hapa kaacha nusu jina Sepuka."

Mzee Clement akaanza kuangalia paa la shule.

"Mwacheni apite mbele!" akapaza mwingine. "Huyu nauli kalipa kwa miguu!"

Barabarani lori la Stefano likapiga honi mara mbili, likaondoka zake. Gasto akalisikiliza mpaka mlio wake ulipopotea. Akaenda nyuma ya mstari na tenga lake tupu.

"Mama," akauliza walipokaribiana, "ulijuaje?"

"Shikamoo zako. Mtu wa ofisi akinisalimia ni mara moja, tena anaangalia simu. Wewe umemwamkia hadi jogoo. Na hilo tenga liweke chini hapo."

"Tenga la watu, mama!"

"Na jogoo je, wa nani? Umemkimbiza kilomita nzima bila tiketi. Mwambie mwenye tenga aje alifuate kwangu, nimweleze lilikuwa limekuja kubeba nini."

Gasto akaliweka.

Siku hiyo jina lake lilihamia Singida Mjini kihalali, jambo la kwanza la halali kati ya mambo yake yote. Ila mpaka leo haonyeshi kadi kwa mtu: kwenye picha amekodoa macho, jasho linamtiririka, na juu ya sikio la kushoto umemkaa unyoya mwekundu.