Ukurasa wa Ishirini na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mambo yameiva! Maombi yote yameingia. Kumi na moja. Fungu la utafiti ni moja, la vidonda vya miguu visivyopona kwa wagonjwa wa kisukari, na atalipata mwombaji mmoja tu. Kamati ina watu watano. Mimi ni katibu, na nina kura. Watu husahau kwamba katibu ana kura. Mimi sisahau.

Namba saba ni shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa ngozi. Kabuni marhamu. Yananuka dawa ya viatu, lakini yeye anasema hiyo ndiyo harufu ya sayansi. Akilipata fungu, mimi ni Mratibu Mkuu wa Mradi. Ofisi yenye dirisha! Miaka tisa nimekaa nikitazama ukuta, ubavuni mwa mashine ya fotokopi, nikipulizwa hewa ya moto. Nastahili dirisha.

Simwamini shemeji kwa maneno matupu. Siku ya harusi yangu aliahidi kuleta viti, akaleta visingizio. Nikamwambia aniandike kwenye ombi lenyewe. Kaniandika. Ukurasa wa ishirini na tatu, majina yangu yote matatu, herufi nene.

Kazi ya leo: kufuta majina kwa kalamu nene nyeusi, kila ombi libaki na namba tu, ili wajumbe wapime kazi, wasimpime mtu. Utaratibu mzuri sana. Orodha ya nani ni namba gani iko kwenye droo yangu, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Nimefuta majina siku nzima. Nilipofika ukurasa wa ishirini na tatu wa namba saba, mkono ukagoma. Jina langu lilikuwa limekaa vizuri mno pale, chini ya neno Mratibu. Nikaliacha. Nani husoma ukurasa wa ishirini na tatu?

Mwisho, fomu ya kutangaza maslahi. Ina majina ya waombaji wote, bila namba, na inauliza kama nina ndugu au rafiki kati yao. Nikafikiri kwa kina. Ndugu ni wa damu. Shemeji ni wa harusi. Na rafiki, hapana, hata yeye atakubali. Nikaandika: Sina. Dhamiri safi kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Leo pia sikukalia kiti changu. Mama mkwe yuko kwetu mwezi wa tano huu, tangu kidonda cha mguu kimkamate. Muuguzi wa chumba cha vidonda kaamuru mguu ukae juu, na mguu umechagua kiti changu cha kuegemea. Mimi nakaa kwenye stuli.

Kila Jumanne na Ijumaa anakwenda kwa huyo muuguzi. Anaoshwa, anafungwa, kisha muuguzi anaweka nailoni angavu juu ya kidonda na kuchora ukingo wake kwa kalamu. Mama mkwe amepewa nakala zake zote. Anazo kwenye mkoba, anawaonyesha wageni, leo alizitandaza mezani wakati wa kula. Ya kwanza ina ukubwa wa mdomo wa kikombe. Ya leo, kifungo cha koti.

Nikamuuliza, kwa adabu, kwa nini hatumii marhamu ya mwanawe. Akasema alipakwa wiki mbili, akawa kila akilala anaota anatembea juu ya makaa. Anampenda mwanawe, akasema, lakini na mguu wake anaupenda.

Kisha akanigeukia. Chumba cha vidonda kitafungwa mwisho wa mwezi kiwe stoo ya magodoro, na muuguzi arudishwe wodini, isipokuwa alipate fungu la kamati yetu. Kumbe namba nne ndiye huyo! Anataka kupima kama wagonjwa wakifuatiliwa namna ile, mpaka majumbani, wachache watakatwa miguu. Mama mkwe akaniomba nimsemee. Akasema kwa sauti ndogo, “Mwanangu, mimi sitaki kukatwa.”

Moyo ulinicheza. Nakiri. Nikajikaza, nikamjibu kwamba kamati yetu haina mambo ya kujuana, haki ni haki. Mke wangu akakohoa jikoni. Sijui alipaliwa na nini.

Jumatano, 5 Machi

Nina vikwazo viwili. Cha kwanza ni profesa wa takwimu, tunayemwita Mama Rula kwa sababu hupitisha rula chini ya kila mstari anaosoma. Cha pili ni mfamasia, ambaye hajawahi kuisifu dawa ambayo hakuichanganya yeye. Watamchinja shemeji hadharani.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Halafu, ghafla! Kanuni inasema mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji atoke nje ombi lake linapojadiliwa, akakae kwenye benchi la korido. Basi nihangaike nini kuwashawishi? Niwatafutie uhusiano!

Hesabu yangu ni hii. Tuko watano, akidi ni watatu. Wakitoka hao wawili tunabaki mwenyekiti, daktari wa meno na mimi. Daktari wa meno ni mstaafu, husinzia, akiamka hupiga kura kama mwenyekiti. Mwenyekiti hupenda vikao vifupi. Na mimi ni mimi. Haipindiki!

Mama Rula ana upele kwenye kiwiko, hujikuna kikao kizima. Nikamwambia namfahamu bingwa wa ngozi atakayemtazama bure. Alikwenda mchana huohuo. Shemeji nikamwagiza amwalike mfamasia chai. Akauliza nani atalipa. Nikamwambia aache uchoyo, afikirie sayansi.

Alhamisi, 6 Machi

Wamenasa wote wawili! Mama Rula kaingia asubuhi na bandeji kutoka kiwikoni mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaomba fomu yake. Akaandika kwa mkono wa kushoto: Nimetibiwa na mwombaji huyu. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema jana ulikuwa upele, leo ni moto. Nikampa pole. Akaniuliza kama nilijua daktari yule ni mwombaji. Nikasema mimi hushughulika na namba, majina siyajui.

Mfamasia kaandika: Nimekunywa chai na mwombaji huyu, nimelipa mimi. Shemeji alisahau pochi. Huwa anaisahau. Si kitu, chai ni chai.

Jioni shemeji kapiga simu. Nilidhani anashukuru. Kumbe anataka meza ya dirishani iwe yake, mimi nikae mlangoni nipokee wageni! Tukabishana nusu saa. Nikamkumbusha viti vya harusi. Akanikumbusha kwamba nilimchukulia dada yake bila kumalizia ahadi zangu. Mwishowe tumekubaliana: dirisha langu asubuhi, lake mchana. Jua la mchana ni kali, kwa hiyo nimeshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika polepole.

Kikao saa tatu. Namba nne ilijadiliwa robo saa nzima. Mama Rula akasema mahesabu ya muuguzi yamenyooka, ameyarudia mara mbili. Mfamasia akamuunga mkono ingawa hamna hata kidonge ndani. Nilipiga kura ya kupinga, peke yangu, mkono nikiuinua nusu kama najikuna kichwa.

Kisha namba saba. Nikasimama, nikatangaza kwa sauti ya kiofisi kwamba wajumbe wawili wana maslahi. Wakatoka. Nikakaa. Dirisha nililiona kabisa, na pazia lake.

Hapo daktari wa meno akazinduka. Miaka mitatu sijamwona akizinduka kabla ya chakula! Akasema uadilifu wa wenzake umemgusa, naye hawezi kukaa na jambo moyoni. Kati ya waombaji wamo watu aliowahi kuwang'oa meno. Kuna mmoja wa ngozi, alimng'oa gego miaka sita iliyopita, na alilia sana. Je, ndiye huyu? Nikaeleza kwamba gego likishang'oka, uhusiano nao umekwisha. Mwenyekiti akasema hakuuliza falsafa. Ndiye au siye? Nikasema ndiye. Mzee wa watu akachukua gazeti lake, akatoka.

Tukabaki wawili. Mwenyekiti akasema akidi haipo, namba saba iwekwe kando mpaka mwaka ujao. Kama ningenyamaza! Lakini nilinyamaza lini? Nikaruka. Nikamsihi alitupie macho tu, asimwonee mtu, mna mambo mazuri sana ndani. Akanihurumia. Akafungua popote pale palipofunguka.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: Mratibu Mkuu wa Mradi. Kisha jina langu la kwanza. La pili. La tatu.

Mashine ya fotokopi ilisikika kutoka ofisini. Akauliza kama namfahamu mtu huyu. Nikasema majina hufanana. Akauliza, yote matatu? Nikasema dunia ina watu wengi. Akauliza, na namba ya simu je?

Nikatoka. Benchi lilikuwa limejaa, wakasogea. Tulikaa wanne kwa mstari: mfamasia, Mama Rula na bandeji yake, daktari wa meno, na mimi mwishoni, nusu yangu ikining'inia. Mama Rula akaniuliza mimi nina uhusiano gani na namba saba. Nikasema wa mbali. Ndani tulimsikia mwenyekiti, peke yake chumbani, akiuliza kwa mazoea kama kuna mwenye hoja.

Wenzangu waliitwa kumalizia maombi yaliyobaki. Mimi sikuitwa. Saa sita mlango ukafunguliwa. Namba nne imeshinda.

Jumamosi, 8 Machi

Jana habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe alisimama. Kwa miguu yote miwili, bila fimbo! Akanishika mikono, akasema alijua tangu Jumanne kwamba nilimjibu vile kwa ajili ya watu tu, kumbe moyoni nimeubeba mguu wake. Chumba hakifungwi. Muuguzi anabaki. Akalia, akaniombea dua ndefu, akawataja na wazazi wangu.

Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ulishafunguka. Lakini mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, anajua yote, kaka yake keshampigia, na alikuwa anauma ncha ya kitambaa asicheke. Nikasema, “Mama, nilifanya nilichoweza.” Ambacho si uongo.

Niliona haya. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana mtu. Niliutazama ule mguu, ngozi mpya imeanza kuota pembeni, nikakumbuka mkono wangu nilivyouinua nusu kumpinga muuguzi. Niliona haya sana, kama dakika mbili. Kisha mama mkwe akanirudishia kiti changu, na haya ikapungua.

Shemeji hapokei simu. Kamwambia dada yake kwamba nimemponza kwa kutaka sifa. Mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Nimenyang'anywa kura. Ufunguo wa droo anao Mama Rula, kauvaa shingoni. Na adhabu juu yake: niandike upya fomu ya maslahi, neno ndugu lifafanuliwe, mtu yeyote asipate pa kujificha. Mwenyekiti alisema “mtu yeyote” akinikazia macho.

Nimeifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Baba, mama, kaka, dada, mjomba, shangazi, binamu, shemeji, wifi, mchumba, somo, jirani wa ukuta mmoja, na kila aliyeng'olewa jino. Mwenyekiti kasifu. Saa tano kapiga muhuri.

Saa saba nikapata habari. Mradi wa muuguzi unatafuta karani wa kumbukumbu. Chumba cha vidonda kina madirisha mawili! Watakaofanya usaili ni muuguzi, mhasibu, na mwakilishi wa wagonjwa, aliyechaguliwa leo asubuhi kwa kauli moja. Nikauliza ni nani. Nikaambiwa ni mama mmoja mcheshi, hutembea na michoro ya kidonda chake kwenye mkoba.

Nikarudi mezani mbio, nikaisoma fomu mpya. Nikaazima rula, nikaisoma tena mstari kwa mstari. Mkwe hayumo. Nilimsahau, naapa! Lakini muhuri umeshapigwa, na mtu aliyeonywa juzi tu hawezi kuanza kuchezea nyaraka za kamati.

Jioni nimepitia dukani, nimemnunulia mama mkwe mto laini wa kuegemezea mguu. Kiti pia nimemrudishia. Ni heshima tu.