Mparachichi Niliousogeza kwa Brashi

Leo nimeaibika, tena kwenye shamba la watu, huku juu ya Mbalizi.

Kazi yangu mnaijua: naandika mabango. (Nusu ya saluni za Mbeya zina mwandiko wangu.) Nimechoka kuitwa fundi mabango. Nataka niitwe mchoraji, hata mara moja kabla sijafa. Basi nikasoma kwamba zamani kuna wachoraji wa Ufaransa walitoka vyumbani, wakachora hukohuko nje, harakaharaka, kabla jua halijasogea. Kivuli hawakukipaka nyeusi, walikipaka zambarau. Nikasema hiyo ndiyo yangu.

Asubuhi bodaboda akanishusha kando ya shamba la viazi. Nikasimamisha stendi yangu ya miguu mitatu. Kofia kichwani, jicho moja nimefumba, brashi nimeinyoosha mbele, napima urefu wa mlima. (Sasa naelewa. Wakati ule sikuelewa kitu.)

Akaja mama mwenye shamba na sahani ya viazi vya kuchemsha. "Karibu mwanangu, kula kwanza." Nikala. Akaja mzee wa shamba la pili na maparachichi matano. Nikapokea. Nikawaza, kumbe watu wa huku wanapenda sanaa hivi.

Mama akauliza taratibu, "Na ule mparachichi pale katikati, mwanangu, unauonaje?"

Nikarudi nyuma hatua mbili. "Pale ulipo unaziba mlima, mama. Nitausogeza kidogo upande wa huyu mzee."

Mama akakaa chini, akalia. Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akubariki. Miaka yote nasema ule mti ni wangu."

Watu wakajaa. Mimi nimesimama na brashi, sijui nani kafiwa.

Akafika mwenyekiti wa kitongoji, amenuna. "Unapimaje mipaka ya watu bila kupita kwangu? Lete ramani."

Nikampa picha. Akaigeuza juu chini. Mama akafuta machozi, akachungulia. "Shamba langu ndiyo hili la zambarau?"

"Hicho ni kivuli, mama. Mimi si mtu wa ardhi. Ni mchoraji."

Mzee akachukua maparachichi yake, yote matano. Mama akaangalia sahani, vimebaki viazi viwili, akabeba.

"Mchoraji," mwenyekiti akasema. "Basi njoo utuonyeshe." Akanipeleka nyuma ya ofisi yake.

Jua lilihama nikiwa bado nachora nje, kama Wafaransa wenyewe. Mlango mmoja nimeandika ME, wa pili KE. Mama akapita, akasoma, akatabasamu. "Hapo sasa nimekuelewa, mwanangu."

Ukipita huku ukabanwa, fuata mwandiko wangu. Ila cheka ukiwa ndani.